Jiko la Kuni la Kujitengenezea Nyumbani



Mtu akisimama asubuhi na mapema katika njia ipitayo Kangemi, au Kawangware, au Waithaka, ataona moshi umetanda juu ya mapaa ya mabati kabla jua halijatoka sawasawa. Moshi huo ni mali ya watu. Ni kuni zilizonunuliwa kwa fedha, au zilizookotwa kwa taabu na kubebwa mgongoni, ambazo hazikuwaka zikaisha. Zimekwenda zake hewani bila kuchemsha hata kikombe kimoja cha chai. Mazungumzo haya yahusu namna ya kuupunguza upotevu huo kwa jiko ambalo mtu aweza kujitengenezea mwenyewe kwa debe, udongo na majivu, bila kuwa fundi wa kusomea.

Hasara ya moshi si ya fedha peke yake. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kabla ya wakati wao kwa sababu ya hewa chafu itokayo katika moto wa kupikia nyumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Anayepika ndiye anayevuta moshi mwingi, pamoja na mtoto aliyefungwa mgongoni mwake. Macho mekundu na kikohozi kisichokwisha watu wameyazoea, wakadhani kwamba ndivyo jiko lilivyo. Sivyo. Moshi mwingi ni dalili ya moto mbaya, kama vile homa ilivyo dalili ya ugonjwa.

Wako wasemao kwamba habari za kuni zimepitwa na wakati, kwa kuwa mjini watu hupikia gesi. Ni kweli kwamba mitungi ya gesi imeingia katika nyumba nyingi za Nairobi. Walakini gesi ikiisha tarehe 20 na mshahara ni tarehe 30, chakula hupikwa kwa kitu gani? Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake, na bei ya gunia la makaa ikapanda mjini kote. Wakati kama huo ndipo mtu hulikumbuka debe lililotupwa nyuma ya nyumba.

Basi na tuanze na mafiga matatu. Watu wengi wenye elimu huyadharau, nayo si haki. Mafiga hayagharimu hata senti moja. Hupokea chungu cha ukubwa wowote, hukubali kuni ndefu zisizopasuliwa, hutoa mwanga wa kuzungumzia jioni, na hupasha nyumba joto, jambo ambalo mtu wa Kikuyu au Limuru hawezi kulikosa mwezi wa Julai. Moshi wake huyakausha mahindi ya mbegu yaliyowekwa darini, ukawafukuza fukusi. Mwenye kubuni jiko jipya asipoyafikiri haya yote atatengeneza jiko zuri la kutazamwa, ambalo mama wa nyumba ataligeuza mahali pa kuku kutagia.

Na si wabunifu wote waliofaulu. Katika miaka ya 1970 majiko makubwa ya udongo na mchanga yalianza kujengwa katika nchi ya Guatemala, yenye mashimo mawili au matatu ya kuwekea vyungu na bomba la kutolea moshi. Mtindo huo ulisifiwa sana ukaenea katika nchi nyingi. Yalipopimwa kwa uangalifu, ilionekana kwamba mengi yalikula kuni sawa na mafiga, na pengine zaidi. Sababu yake ni rahisi. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto kwanza kabla chungu hakijapata chochote, na wakati chakula kinapoiva ndipo ukuta unapokuwa na moto. Bomba lilitoa moshi nje, na hilo lilikuwa jambo jema kwa macho na kifua. Kuni ndizo hazikupungua. Ni vema mjenzi alikumbuke jambo hili, kwa kuwa watu hudhani kila kilicho kizito huhifadhi joto. Kinachozuia joto lisipotee ni hewa ndogondogo iliyofungwa ndani ya kitu chepesi: majivu, mawe mepesi ya volkano, au udongo wenye vishimo vingi.

Nairobi ina habari zake yenyewe katika kazi hii, nazo zafaa kujulikana. Lile jiko la mabati matupu lenye mlango mdogo chini yasemekana lililetwa na Wahindi waliokuja kufanya kazi ya reli, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lilikuwa jiko la mjini kwa muda mrefu sana. Lakini bati hupitisha joto upesi, na katika jiko hilo ni sehemu 10 hadi 20 tu katika kila sehemu 100 za joto la makaa zinazofika kwenye sufuria. Zilizobaki humwunguza mpishi miguu.

Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF walifungua pale Karen, magharibi ya mji, kituo cha ufundi wa vijijini, ambapo vyombo vya gharama ndogo vilitengenezwa na kuonyeshwa kwa wageni, majiko yakiwa miongoni mwake. Kisha mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa juu ya nishati mpya katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, katikati ya mji. Katika miaka hiyo Wizara ya Nishati ilianza, kwa msaada wa Marekani, kulitafuta jiko bora la makaa. Waliofanya kazi hiyo, Maxwell Kinyanjui akiwa mmojawapo, waliangalia ndoo ya udongo ambayo watu wa Thailand hupikia, wakajaribu kutia bakuli la udongo wa kuchomwa ndani ya bati la jiko la Nairobi.

Majaribio ya kwanza hayakwenda vizuri. Bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto, na kwa hiyo mabakuli yalipasuka. Umbo likabadilishwa. Kiuno cha jiko kikafanywa chembamba, juu na chini pakapanuliwa kama kengele mbili zilizogeuziana migongo, na udongo ukatiwa nusu ya juu tu. Jiko likasimama imara mama akisonga ugali kwa nguvu zake zote, na joto lililofika kwenye sufuria likapanda hata sehemu 25 mpaka 40 katika 100. Jambo la maana zaidi, ufundi huo haukufungiwa kiwandani. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji walijifunza, wakaigana wao kwa wao, na leo jiko hilo hutengenezwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia, kila mahali kwa jina lake. Kuiga huko kulileta neema na balaa pamoja, kwa kuwa bati jembamba na bakuli lisiloiva vizuri huonekana sawa na vilivyo bora mpaka mwezi wa pili. Mnunuzi mwerevu husema, "Fundi, hebu nigongee hilo bakuli," kisha husikiliza. Lililoiva hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya mkebe.

Kwa upande wa kuni, Wizara na chama cha Maendeleo ya Wanawake, wakisaidiwa na Wajerumani, walitoa katika miaka ya 1980 bakuli la udongo wa kuchomwa lenye mdomo mmoja wa kuingizia kuni. Bakuli hilo hujengewa kwa tope papo hapo jikoni. Liliitwa Maendeleo, na baadaye Upesi. Ni jiko jema kwa mwenye nyumba yake. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Kawangware, ambaye huenda akahama mwisho wa mwezi, hawezi kujenga jiko lisilohamishika. Yeye ahitaji jiko la debe.

Namna ya jiko hilo ilifikiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Mmarekani mmoja, Larry Winiarski. Ndani yake iko njia ya moto iliyopindwa kama kiko cha tumbaku: kuni huingia kwa mdomo wa chini uliolala, na miali hupanda katika shingo fupi iliyosimama mpaka chini ya sufuria. Njia hiyo ni nyembamba, tena pande zote imezungukwa na kitu chepesi kisichonywa joto, kwa hiyo huwa na moto mkali sana. Ule moshi ambao ungalitoka nje hushikwa na moto ndani ya shingo ukawaka wenyewe. Siri yote ni hiyo. Yaliyobaki ni vipimo.

Kwanza udongo. Hapa mtu wa magharibi ya Nairobi amebarikiwa kuliko ndugu yake wa Embakasi. Udongo mwekundu wa Dagoretti na Kangemi hufinyangika vizuri, lakini ule mweusi wa upande wa mashariki hunywa maji ukavimba, na ukikauka hupasuka kama ardhi ya kiangazi. Mtu achukue udongo mwekundu kutoka chini ya kina cha jembe, mahali pasipo mizizi, auponde na kuuchunga. Achukue na unga wa mbao uliochungwa, kipimo kimoja kwa kimoja, achanganye vikiwa vikavu, kisha atie maji kidogo kidogo na kuukanda mpaka uwe kama unga wa chapati. Aufunike kwa gunia bichi siku kadhaa. Ajaribu kusokota kijiti cha unene wa kidole na kukipinda. Kikikatika mara moja, aongeze udongo, na kikigandamana na mkono, aongeze unga wa mbao.

Udongo huo hufinyangwa kuwa vipande viwili vya bomba lenye nafasi ya inchi 4 ndani, na ukuta wa unene wa inchi moja. Kimoja kiwe kirefu kama inchi 10, cha kusimama. Cha pili kiwe kifupi, cha kulala, nacho kiungane na cha kwanza karibu na chini yake. Gogo la mgomba au chupa kubwa iliyozungushiwa gazeti laweza kutumika kama kalibu. Vikauke kivulini majuma mawili au matatu, wala visikimbizwe juani, kwa kuwa haraka hapo ndiyo huleta nyufa. Kisha vichomwe pamoja na vyungu vya mfinyanzi, au katika shimo lenye kuni na mavi makavu ya ng'ombe. Unga wa mbao huungua ukaacha vishimo vingi visivyoonekana sana, na hivyo ndivyo udongo unavyokuwa mwepesi na kuzuia joto. Wengine hukwepa taabu hii wakaunganisha mikebe ya bati badala ya udongo. Jiko lao huwaka vizuri, lakini bati jembamba katika moto mkali namna hiyo huliwa upesi, na kazi huanza tena.

Debe lenyewe ni lile la mraba la mafuta ya kupikia, nalo hupatikana Gikomba kwa bei ndogo. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Debe lililokuwa na rangi au dawa ya wadudu lisitumiwe kabisa, kwa maana mvuke wake ukipata moto ni sumu. Upande mmoja likatwe tundu la kupitisha mdomo wa bomba, inchi mbili hivi kutoka chini. Majivu makavu yaliyochungwa yamwagwe chini mpaka kimo cha tundu, bomba liketishwe juu yake, kisha majivu yajazwe pande zote na kushindiliwa polepole kwa mti. Mchanga usitiwe, hata kama majivu hayatoshi. Mchanga hunywa joto kama ule ukuta wa Guatemala. Yafaa kungoja siku chache na kuomba majivu kwa jirani. Juu debe lifunikwe kwa bati lenye tundu la shingo, likunjwe kingo zake ili majivu yasiingie katika chakula.

Ndani ya mdomo wa kuni kiwekwe kijibati kilicholala kama rafu, chini kidogo ya katikati. Kuni hukaa juu yake, na hewa hupita chini yake. Kijibati hiki hudharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Pasipo hicho watu hujaza mdomo kwa kuni mpaka hewa ikakosa njia, moto ukasongwa, na jiko lililosifiwa likatoa moshi kushinda mafiga.

Sufuria isikae juu ya shingo moja kwa moja, bali juu ya vipande vitatu vya nondo vilivyolazwa, ili moto upate kutambaa chini yake. Kisha likatwe bati la kuizunguka sufuria kama sketi, likiacha nafasi ya upana wa kidole kidogo, yaani kama nusu inchi hivi. Hewa ya moto hulazimika kupanda ikiparuza ubavu wa sufuria badala ya kukimbilia pembeni. Sketi hiyo hugharimu kipande cha bati tu, nayo huokoa kuni nyingi. Ubaya wake ni kwamba hufaa kwa sufuria ya ukubwa mmoja, kwa hiyo kila nyumba ipime ile itumiwayo kila siku.

Kuni za jiko hili ni nyembamba, unene wa kidole gumba au vidole viwili, na ziwe kavu kabisa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya nguvu zake kukausha maji yake yenyewe. Matawi ya mgrivelea yanayopunguzwa mashambani, ya muwati na ya mibuni iliyopogolewa hufaa sana; mkaratusi huwaka kwa nguvu lakini hutaka kuangaliwa. Kuni husukumwa ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoisha. Mpishi aliyezoea kuweka gogo na kwenda kuchota maji ataona taabu mwanzoni, na asifichwe jambo hilo. Jiko hili hutaka mtu karibu. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa vile vyenye rangi ya kijani, na mbao zilizopakwa rangi zisichomwe jikoni, kwa kuwa moshi na majivu yake yana sumu.

Akaaye karibu na barabara ya Ngong, mahali mafundi seremala wanapouza vitanda na makabati kando ya njia, ana njia nyingine rahisi zaidi. Unga wa mbao huko ni takataka. Mkebe mkubwa hutobolewa tundu upande wa chini, chupa husimamishwa katikati na kijiti hupitishwa kutoka tunduni mpaka kwenye chupa, kisha unga mkavu hushindiliwa pande zote kwa nguvu. Chupa na kijiti vikitolewa taratibu hubaki njia ya moto. Huwashwa kwa chini, nalo huwaka polepole kwa saa kadhaa bila kuongezwa kitu, kwa hiyo ni jiko la maharagwe na githeri. Lisiposhindiliwa sawasawa huporomoka katikati ya mapishi na kujaza nyumba moshi, basi litumiwe nje.

Na kwa kuwa maharagwe yametajwa, liko jambo moja ambalo jiko haliwezi kulitengeneza. Kangemi na Dagoretti ziko juu ya bahari kama futi 6,000, na huko maji huchemka yakiwa na joto la digrii 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo maharagwe ya Nairobi hukawia, hata moto uwe mkali namna gani. Kuongeza kuni maji yakiisha kuchemka ni kuyapoteza maji tu. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na moto upunguzwe uwe wa kutokota. Mama afanyaye hivyo juu ya mafiga aweza kutumia kuni chache kuliko jirani yake mwenye jiko jipya na sufuria isiyo na kifuniko.

Neno la mwisho lahusu usiku wa baridi. Kila mwaka, mwezi wa Juni na Julai, wako watu wanaoingiza jiko lenye makaa mekundu chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Hawaoni moshi, basi hudhani hapana hatari. Makaa yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, nayo huingia katika damu mahali pa hewa njema. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha lala hana nafasi ya kuzitambua. Hapana jiko hata moja, la bati wala la udongo, la zamani wala la kisasa, lililo salama kwa kazi hiyo, na jiko la debe lililoelezwa hapa nalo lina makaa mdomoni mwake baada ya kupika. Yatolewe nje yazimwe kwa mchanga au maji. Mtu akikutwa amelegea katika chumba chenye jiko, mlango na dirisha vifunguliwe kwanza, yeye atolewe nje kwenye upepo, na apelekwe hospitali upesi hata kama ameamka na kusema kwamba hajambo.